Karibu Nyumbani, Baba

Nilikuwa naenda kurekebisha kitasa. Kitasa tu, basi. Kazi ya kumaliza kabla kakao haijachemka jikoni.

Mimi ni Filemoni, fundi wa kamera na milango ya umeme. Naishi Salelologa, bandarini, kwenye kisiwa cha Savaii, na kisiwa kizima kinanijua kwa kazi safi na kwa kusema sana. Jioni hiyo Merita, mteja wangu aliyeko ng'ambo, Auckland, alikuwa amenipigia simu, sauti imemkauka.

"Fundi, mlango wa mama unafunguka wenyewe."

"Mlango haufunguki wenyewe, Merita. Unafunguliwa."

"Na nani? Maana ni kila jioni, wakati wa sala. Wakati kijiji kizima kiko ndani."

Nikamwambia ni joto, ni chumvi ya bahari, ni mjusi kaingia kwenye waya. Fundi hakosi sababu. Nikatupa sanduku la vifaa nyuma ya pikapu, nikaondoka mbio. Nilitaka kufika Fagaloto, kijijini kwa mama yake, kabla ya kengele, kwa sababu kengele ya sala ikishalia hakuna gari linalopita kijijini, liwe la fundi au la waziri.

Njia nzima sikutulia. Niliwasha redio, nikaizima, nikaiwasha tena. Nguruwe walikatiza barabara na mimi nikawatukana kama watu wazima wenzangu.

Kazi yenyewe nilikuwa nimeimaliza juma lililopita, na niliringa nayo. Merita na ndugu zake walimjengea mama yao nyumba mpya ya matofali, yenye vioo na vyuma madirishani. Mama huyo, Bibi Fuatino, ni mjane. Aliishi humo na mjukuu wake Tiresa, binti wa Merita, mtoto wa kuanza shule, mwenye pengo mdomoni na maswali yasiyokwisha. Kikongwe na mtoto, peke yao kando ya barabara. Ndiyo maana watoto wake walitaka ulinzi.

"Zamani nyumba haikuwa na kuta," Bibi alinung'unika siku ile nilipokuwa nachora mpango wa kamera juu ya boksi la biskuti. "Mwizi alikuwa hana pa kujificha."

"Na mvua ikinyesha, Bibi?"

"Tunateremsha mapazia ya makuti."

Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyejing'ata ulimi. Nikadhani ni uzee.

Niliweka kamera mlangoni, nyingine sebuleni, na nyingine ikitazama uwanja wa mbele, penye kaburi la mumewe, Mzee Tofiga. Kaburi zuri, la vigae vyeupe, lenye paa dogo na picha yake juu ya jiwe. Tiresa alikuwa akicheza hapo na Bibi akianikia nguo juu yake, na hakuna aliyeona ajabu. Mzee alikuwa hapo hapo nyumbani, ila tu haongei.

Kitasa hakikuwa na ufunguo. Hilo ndilo lililonivimbisha kichwa. Kamera ya mlangoni ikiona uso wa mtu wa nyumbani, mlango unafunguka na spika inamkaribisha kwa sauti ya Merita mwenyewe, aliyoirekodi huko aliko. *Karibu nyumbani, Mama. Karibu nyumbani, Tiresa.* Asiyejulikana hafunguliwi, hata abishe hadi asubuhi.

Tulipokuwa tunasajili nyuso, Merita akiwa kwenye simu ya video, alisema, "Muweke na Baba."

Nikacheka. "Baba amelala, dada yangu."

"Amelala mbele ya mlango wake. Nyumba gani itamjua mjukuu isimjue mwenye nyumba? Mama, mwambie."

Picha ilikuwa ukutani, imevishwa shada la makombe ya bahari. Kijana mzuri, macho makali, kola ya baharia. Sura ile ile iliyokuwa juu ya kaburi. Bibi Fuatino alikuwa akimenya magimbi. Kisu kilisimama.

"Huyo mwacheni alipo," akasema.

"Mama! Ni Baba!"

Bibi akaendelea kumenya. Basi nikaipiga picha ile picha, nikaandika jina *Baba*, na Merita akarekodi salamu yake huku akilia kidogo. Niliona ni jambo jema. Kweli kabisa, niliona ni jambo jema.

*

Kengele ya kwanza ilinikuta langoni mwa kijiji. Si kengele hasa, ni mtungi mtupu wa gesi ulioning'inizwa mtini, unagongwa kwa chuma. Ngaa… ngaa… ngaa…

Vijana wa kulinda sala walikuwa tayari wamejipanga kandokando ya barabara, vitambaa viunoni, fimbo mkononi. Kiongozi wao, Lafaele, jitu lenye kitambi na sauti ya besi ya kwaya, akanyoosha mkono.

"Zima gari, Filemoni. Unakimbizwa na mke au na mbwa?"

"Kaka, niache nipite. Ni pale tu kwa Bibi Fuatino."

Kicheko kikamfutika usoni. Akaja hadi dirishani, akainama.

"Ni wewe uliyeweka ule mlango?"

"Ni mimi. Kwani vipi?"

"Sisi tunasimama hapa kila jioni, macho barabarani. Mtu hatumwoni. Lakini mlango tunauona. Unafunguka, halafu unakaa wazi kidogo… kama mtu amesimama pembeni, anampisha mtoto atangulie."

"Upepo."

"Upepo una harufu ya majivu? Majivu yaliyolowa maji?" Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mimi si mwoga, unanijua. Lakini siku hizi nasimama upande ule mwingine."

Nikaliacha gari pale pale, nikabeba sanduku langu.

"Kimbia," akasema Lafaele. "Kengele ya pili haijalia."

Nikakimbia. Moshi wa jikoni ulikuwa umelala juu ya barabara, kila nyumba imewasha taa, kila familia inakaa chini. Nikapita kando ya kaburi la Mzee Tofiga. Juu yake ulikuwa umetandazwa mkeka mwororo wa heshima, ule wa kurithi, unaosukwa mwaka mzima na kutolewa kwenye misiba na harusi. Bibi alikuwa ameuanika kwenye jua la mchana, akasahau kuuingiza. Hilo nalo halikuwa kawaida yake.

Alinifungulia yeye mwenyewe. Uso ulikuwa umemsinyaa.

"Umechelewa, mwanangu. Kaa. Tusali kwanza."

"Bibi, acha niangalie kitasa…"

"Kaa."

Ngaa… ngaa…

Tukakaa mkekani, Bibi, Tiresa na mimi. Bibi akaanza wimbo. Nyumba za jirani nazo zikaanza, hadi kijiji kizima kikawa kinaimba. Kila jioni ya maisha yangu nimeusikia wimbo huo, na kila mara hunituliza. Jioni hiyo haukunituliza.

Wimbo ukaisha. Bibi akafumba macho kuomba.

Klak.

Mlango ukafunguka.

"Karibu nyumbani, Baba," ikasema sauti ya Merita.

Hapakuwa na mtu.

Nje palikuwa na mwanga bado, ule mwanga wa zambarau. Niliona kaburi. Niliona barabara tupu. Mlango ukakaa wazi… ukakaa… kisha ukajirudisha taratibu. Na harufu ikaingia. Majivu mabichi. Makuti yaliyoungua yakamwagiwa mvua.

Bibi hakufumbua macho. Maombi yalizidi kasi midomoni mwake, machozi yanamtoka.

Nikatoa simu mfukoni. Kwa juma la majaribio, kamera za mteja huwa naziona kwenye simu yangu. Mashine hizi, zikiona uso, huuzungushia kisanduku: kijani kwa mtu wa nyumbani, njano kwa mgeni. Nikafungua kamera ya sebuleni. Nikatuona sisi watatu. Kisanduku cha kijani kwa Bibi. Cha kijani kwa Tiresa. Cha njano kwangu.

Na kingine cha kijani, juu, kimo cha mtu mzima aliyesimama. Ndani yake, ukuta mtupu.

Na chini yake… kimoja cha njano.

Kidogo.

Kilikuwa cha kimo cha mtoto. Kilisogea. Kilipita nyuma yangu, nikahisi ubaridi shingoni kama mtu kanipitishia kitambaa kilicholowa. Kikaenda kusimama ubavuni mwa Tiresa.

Tiresa akageuka, akatabasamu na pengo lake.

"Umekuja tena?" akanong'ona.

Tiresa akainuka, mkono mmoja umenyooshwa kando kama anayemshika mwenzake, akaelekea chumbani.

"Tiresa! Unakwenda wapi?"

"Ana baridi, fundi. Nampa blanketi."

Kufumba na kufumbua, Bibi Fuatino naye akasimama. Sijawahi kumwona kikongwe akisimama hivyo. Akausukuma mlango, akatoka nje wakati wa sala, mwanamke ambaye hajavunja sala tangu azaliwe. Nikamfuata. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kaburi, anakipiga kigae kwa kiganja.

"Tofiga! Tofiga, mzuie ndugu yako!"

"Bibi," nikasema, "ni mzee mwenyewe aliyeingia. Kamera imemtambua. Ni sura hii hii." Nikaionyesha picha juu ya jiwe.

Akanigeukia.

"Huyo si mume wangu."

Nikaitazama tena ile picha juu ya jiwe.

"Tofiga alichukia kupigwa picha. Hakuacha hata moja. Alipofariki, Merita akasema lazima picha kubwa itangulie mbele ya jeneza. Yeye atoke Auckland na jamaa wote, halafu mazishi hayana picha, watu watasema nini? Ndani ya sanduku langu kulikuwa na picha moja ya mdogo wake. Aukuso. Walifanana kama vifuu vya nazi moja. Nikasema ni Tofiga akiwa kijana. Nani angejua? Wenye kujua wamekwisha."

"Sasa Aukuso amezikwa wapi?"

"Hakuzikwa. Alifia baharini, melini huko. Alikuwa amefukuzwa kijijini." Alisema haraka haraka, kama anayetapika. "Aliongea na mizimu, mwanangu. Mchana watu wanamtukana, usiku wanampelekea wagonjwa wao. Mtoto wa mkuu wa ukoo akafa baada ya dawa yake. Wakuu wakakaa, wakaamua. Nyumba yake ikachomwa, nguruwe wake wakauawa, akaambiwa asilale hapa. Ilikuwa wakati wa sala. Mvua inanyesha. Mkewe alishakufa, alikuwa na binti mdogo, ana homa, amembeba. Akapita nyumba hadi nyumba, anasema, mimi nifukuzeni, mtoto mlazeni. Nyumba zote zilikuwa wazi, Filemoni. Hazina kuta. Alituona tumekaa, tunaimba. Kila alipofika, watu wakateremsha mapazia."

"Na kwenu?"

"Sisi tulikuwa wa mwisho." Akautazama mkono wake wa kulia. "Tofiga alisema, teremsha. Nilikuwa bibi harusi, mgeni wa ukoo. Nikateremsha. Mkono huu. Yule mtoto alikuwa ananitazama hadi pazia likafika chini."

Akavuta pumzi.

"Yule mtoto alifia njiani kabla ya kijiji kinachofuata. Na mimi miaka yote hii nimemvisha Aukuso mashada, nimemwita Baba, nimeweka sura yake mlangoni kwangu. Tumemwita sisi wenyewe. Wewe umemfungulia tu."

Hapo akili yangu ilinitoka. Nasema kweli. Nilichoona mbele yangu ni jambo moja: kumfungia nje yule mtu asiingie tena. Vidole vilikimbia juu ya simu kabla sijafikiri. *Baba. Futa. Una hakika? Ndiyo.*

Klak. Klak. Klak.

Mlango ukajifunga kwa makomeo yote.

Na Tiresa alikuwa ndani.

Nao walikuwa ndani.

Niliruka hadi mlangoni. Nikamsogeza Bibi mbele ya kamera. "Mtazame, Bibi! Mtazame vizuri!" Taa nyekundu. *Mtu asiyejulikana.* Nikamfuta machozi kwa shati langu, nikamweka tena. *Mtu asiyejulikana.* Nikabonyeza kwenye simu, fungua, fungua, fungua, alama ya kusubiri inazunguka tu. Ufunguo haukuwepo. Nilikuwa nimejisifu mwenyewe kwamba haupo. Nikakimbilia madirishani, nikakutana na vyuma, vyuma vizuri, skrubu nilizikaza mimi. Sanduku langu la vifaa lilikuwa ndani, mkekani, nilipoliacha.

"Lafaele!" nikaita. "Lafaele!"

Kijiji kilikuwa kinaimba wimbo wa pili. Hakuna aliyesikia.

Ndipo nilipousikia ule mvumo. Nilidhani ni masikio yangu. Nikalaza shavu kwenye kioo cha chumba cha Tiresa.

Nje palikuwa pakavu, vumbi linaruka.

Mvua ilikuwa inanyesha ndani.

Niliisikia ikipiga sakafu. Niliona kioo kikitiririka maji, upande ule, wa ndani. Na katikati ya mvua mtoto alikuwa anakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu, cha kifua kilichochoka. Halafu kingine kikajibu. Watoto wawili walikuwa wanakohoa.

"Bibi!" Ilikuwa sauti ya Tiresa, ndogo. "Bibi, na mimi nina baridi sasa…"

Nilikipiga kioo kwa jiwe, kikapasuka, nikapenyeza mkono kati ya vyuma hadi begani. Sikumfikia. Alikuwa amelala chini, amejikunja, nywele zimelowa, blanketi limefunika mahali pembeni yake ambapo hapakuwa na mtu. Nilimwita. Hakunisikia. Nililia, sioni haya kusema, nililia kama mtoto.

Bibi Fuatino hakulia tena. Nilipogeuka nilimwona anakwenda kaburini, anauvuta ule mkeka mwororo. Akaja nao mbele ya mlango wake mwenyewe. Akakaa chini, kwenye changarawe, miguu imekunjwa. Akajifunika mkeka kichwa hadi magoti.

Nikaelewa. Kila mtu wa kwetu angeelewa. Ukimwaga damu ya watu, huendi kwao na maneno. Unakwenda kukaa mbele ya nyumba yao, kichwa chini ya mkeka, shingo tayari. Wakitaka watakuua hapo. Wakikusamehe, watatoka, watauinua mkeka. Lakini mkosaji hukaa nje ya nyumba ya aliyekosewa. Bibi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake.

"Filemoni." Sauti ilitoka chini ya mkeka. "Mrudishe."

"Bibi, nimrudishe nani?"

"Atatokaje kuniinua kama mlango haumjui? Mrudishe. Na usiandike Baba. Andika jina lake."

Nikakimbilia kaburi, nikaipiga picha ile sura juu ya jiwe. Macho makali, kola ya baharia. *Jina la mtu huyu?*

Nikaandika: *Aukuso*.

Nikarudi, nikapiga magoti nyuma ya Bibi, paji la uso kwenye changarawe. Sikuambiwa nifanye hivyo.

"Aukuso," akasema Bibi, polepole. "Mimi ndiye niliyeteremsha. Si kaka yako. Alisema yeye, nilifanya mimi. Nimekuja na shingo yangu. Huyu mdogo hakuwepo. Huyu mdogo mwachie."

Mvua ya ndani… kikohozi kimoja tu sasa. Sikujua ni cha nani.

Klak.

"Karibu nyumbani, Aukuso," ikasema spika. Si sauti ya Merita. Merita hakulirekodi jina hilo. Ilikuwa sauti ya mashine yenyewe, bapa, isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

Harufu ya majivu ikanipita puani. Nilisikia hatua za miguu mitupu iliyolowa. Chap. Chap. Zikasimama mbele ya Bibi.

Sikuthubutu kuinua kichwa. Niliinua macho tu. Na nikaona pindo la mkeka likiinuka. Taratibu, upande mmoja, kama mtu ameushika kwa vidole viwili. Likaonyesha magoti ya Bibi, kifua chake, uso wake. Alikuwa amefumba macho, anangoja.

Mkeka ukaanguka nyuma yake.

Tiresa akatokea mlangoni, amelowa chapachapa, anatetemeka, mzima. Bibi akamkumbatia, wote wawili wakaanguka changaraweni.

Ngaa… ngaa… ngaa… Kengele ya mwisho. Sala imekwisha. Watu wakaanza kutoka, redio zikawashwa, mtu akacheka mahali fulani. Lafaele alikuja mbio, akaukuta mlango wazi, sakafu kavu kabisa, na majivu kidogo juu ya kizingiti.

*

Mambo mengine yalikwenda vizuri, sitasema uongo. Bibi alikwenda mwenyewe kwa wakuu wa koo, akasimulia yote. Walikaa, wakabishana, wakala nguruwe, wakabishana tena, na mwishowe ile amri ya kumfukuza Aukuso ikafutwa. Picha iliondolewa kwenye kaburi la Tofiga, likawekwa jiwe jingine pembeni, lenye picha hiyo na jina la mwenyewe.

Merita alilia sana kwenye simu. "Sasa baba yangu alikuwa na sura gani?"

"Mtazame mdogo wako akikasirika," Bibi alimwambia. "Ndiyo hiyo."

Nilijitolea kung'oa kila kitu, kamera, kitasa, waya wote. Bibi akakataa katakata. Anataka mlango unaofunguka. Jioni, wakati wa sala, Aukuso huingia, mashine inamkaribisha, na hakuna harufu tena wala mvua. Tiresa alikohoa siku chache, akapona. Ningefurahi hadithi iishie hapo.

Lakini kamera bado ziko kwenye simu yangu. Nimejaribu kuzitoa, zinarudi. Na kila jioni, baada ya kile kisanduku cha kijani kupita, mlango haukai wazi tena kama zamani; ukijifunga, kinabaki kimoja nje. Cha njano. Kidogo. Kimesimama mbele ya kamera ya mlangoni, kinangoja. Yeye hakusajiliwa. Asiyejulikana hafunguliwi. Nilitengeneza hivyo mimi mwenyewe.

Na simu inaniuliza: *Sura hii imeonekana mara nyingi. Mtu huyu ni nani? Andika jina.*

Nilimuuliza Bibi Fuatino. Akafikiri sana, akashika kichwa. Halijui. Wakuu wa koo hawalijui. Walimwita mtoto wa Aukuso, basi. Hakuna mtu aliye hai Fagaloto anayelikumbuka jina la yule mtoto.

Hakuna hata mmoja, ila Tiresa. Alinipigia kwa simu ya bibi yake, akaninong'oneza kama watoto wanavyonong'onezana siri.

"Anaitwa Tilomai."

Bibi anasema, liandike. Merita anapiga simu kutoka Auckland akipiga kelele, usiliandike, mwanangu analala humo ndani, wewe ulisikia vikohozi viwili au hukusikia? Nilivisikia. Ndiyo maana sijaliandika. Ndiyo maana pia silali. Kila jioni nakiweka kidole changu juu ya herufi ya kwanza, halafu nakiondoa.

Leo mvua inanyesha upande wote wa kaskazini. Kisanduku kiko pale pale mlangoni, chini kabisa, kama mtu aliyechuchumaa. Dakika hii Tiresa amepiga tena.

"Fundi," akanong'ona, "anauliza kwa nini na wewe umeteremsha pazia."